Mkemia Kijana na Kipimo cha Dawa cha Mkononi



Mama anapomfikisha zahanati mtoto mwenye homa kali, kwa kawaida huwa na maswali matatu moyoni. Mganga yupo? Kipimo cha malaria kipo? Dawa ipo? Akijibiwa "ndiyo" mara tatu, hushusha pumzi. Lakini liko swali la nne ambalo wengi wetu hatuliulizi: Je, dawa hiyo ni dawa kweli?

Katika somo la leo tutalitazama swali hilo la nne. Tutaona jinsi wataalamu wanavyotengeneza vifaa vidogo vya kupimia dawa, vinavyoweza kubebwa hadi kisiwani Ukara au mnadani Magu. Tutaona pia kijana aliyesomea kemia anakutana na nini anapojiunga na kazi hiyo. Tunawaandikia wazazi, wauguzi na wauza dawa, na zaidi vijana wetu walioko sekondari wanaouliza, "Kemia itanisaidia nini maishani?"

1. DAWA MBAYA NI IPI?

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kwanza kuna dawa bandia. Hii imetengenezwa kwa nia ya kudanganya. Jina la kiwanda lililoandikwa kwenye boksi si la kweli, au kilichomo ndani sicho kilichoandikwa nje. Inaweza kuwa unga wa mahindi au chaki. Mbaya zaidi, inaweza kuwa na parasetamoli kidogo. Mgonjwa wa malaria akiimeza, homa inashuka, naye anafurahi kwamba amepona, kumbe vijidudu vinaendelea kuzaliana katika damu yake. Akirudi hospitali siku ya tatu huenda hali imekwisha kuwa mbaya.

Pili kuna dawa duni. Hii imetoka katika kiwanda halali, lakini haikufikia kiwango. Pengine kiwanda kiliweka dawa pungufu. Pengine ilitoka kiwandani ikiwa nzima, ikaharibikia njiani au dukani. Aspirini ni mfano mzuri, kwa maana hata pua yako inaweza kuipima. Ikikaa mahali penye unyevu huvunjika, na mojawapo ya vitu vinavyotokea ni asidi ile ile iliyomo ndani ya siki. Ukifungua kopo la aspirini ukasikia harufu ya siki, usiitumie. Hapo umefanya kipimo cha kemia bila maabara.

Lakini dawa nyingi hazitoi harufu ya kutuonya. Oksitosini, sindano anayochomwa mama baada ya kujifungua ili asipoteze damu nyingi, yapasa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa siku nyingi kwenye joto hupoteza nguvu, nayo bado inaonekana kama maji safi kama ilivyokuwa mwanzo. Muuguzi hawezi kuliona hilo kwa macho.

2. JAMBO HILI LIMETUFIKIA

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2009 dawa bandia ya malaria yenye jina la Metakelfin iligunduliwa katika maduka ya dawa 40 hapa Tanzania. Haikuwa na dawa ya kutosha ndani yake. Mwaka 2012 dawa bandia za kupunguza makali ya Ukimwi ziligunduliwa katika wilaya ya Tarime, mkoa jirani wa Mara. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au duni. Na mwaka 2022 nchini Gambia watoto wengi walikufa kwa kuharibika figo, na dawa za maji za kikohozi zilizochanganyika na kemikali za sumu zikashukiwa kuwa chanzo.

Kanda yetu ya Ziwa ina ugumu wake. Bidhaa huingia kwa barabara kutoka Sirari na Mutukula, na kwa maji kupitia mialo mingi ambayo hakuna afisa awezaye kuilinda yote usiku na mchana. Wavuvi huhama kutoka kisiwa hadi kisiwa wakifuata samaki, na mfanyabiashara huwafuata na boksi lake la vidonge. Mahali ambapo mgonjwa hana duka jingine la kuchagua, ndipo dawa mbaya hupata mteja kwa urahisi.

Kwa upande mwingine, Mwanza inajua faida ya dawa nzuri. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji vya mkoa huu. Wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, na dawa zinazofaa zikahakikishwa kuwa zipo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40 katika vijiji hivyo, vikilinganishwa na vile ambavyo havikupata huduma hiyo. Utafiti huo ulisomwa duniani kote. Hebu tujiulize: kama dawa zile zingekuwa chaki, ungeonyesha nini?

3. KWA NINI MAABARA KUBWA PEKE YAKE HAITOSHI?

Taifa letu lina maabara nzuri ya dawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa maabara yake mwaka 2011. Mwaka 2018 mfumo wetu wa kudhibiti dawa ulikuwa wa kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu katika vipimo vya shirika hilo. Ni jambo la kujivunia.

Lakini mashine za maabara kubwa ni ghali. Zinataka umeme usiokatika, kemikali safi sana na mtaalamu aliyesoma miaka mingi. Kuchunguza sampuli moja kikamilifu kunachukua muda. Wakati huo boksi lile lile linaendelea kuuzwa. Kwa hiyo kinahitajika chujio la kwanza, karibu na mgonjwa, la kutenga dawa zenye mashaka ili hizo ndizo zipelekwe maabara kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya vifaa vya kubebeka.

4. VIFAA VYENYEWE VINAFANYAJE KAZI?

Tutavitaja vinne.

(a) Maabara ya sandukuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfuko mmoja wa hisani wa Ujerumani ulitengeneza maabara ndogo inayobebwa katika sanduku, iitwayo Minilab. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuitumia. Mapema miaka ya 2000 masanduku hayo yalianza kutumika mipakani na katika baadhi ya mikoa. Leo yanaweza kuchunguza aina zaidi ya 100 za dawa.

Kazi huanza kwa macho: maandishi ya boksi, tahajia, rangi na umbo la kidonge. Kisha kidonge hutiwa katika maji yenye joto la mwili, nyuzi 37. Kidonge cha kawaida yapasa kimeguke ndani ya dakika 30. Kisipomeguka, huenda hata tumboni hakitameguka.

Baada ya hapo kidonge kingine husagwa, huyeyushwa na kuchujwa, na tone dogo huwekwa chini ya kibamba chenye unga mweupe mwembamba. Kando yake huwekwa tone la dawa halisi yenye nguvu kamili, na tone jingine lenye asilimia 80 tu. Kibamba husimamishwa katika chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, nacho hubeba dawa. Kila dawa ina mwendo wake. Mwishoni kibamba huangaliwa chini ya taa maalumu, na madoa huonekana. Doa la sampuli likiwa katika kimo kile kile cha doa la dawa halisi, basi dawa ni ile ile. Likiwa hafifu kuliko doa la asilimia 80, dawa ni pungufu. Pasipo doa kabisa, ile dawa haimo.

(b) Kadi ya karatasi. Hii ni kadi yenye mistari 12, na kila mstari una kemikali zake zilizokaushwa. Iliundwa na wakemia wa Chuo Kikuu cha Notre Dame na Chuo cha Saint Mary's, Marekani, ikajaribiwa pamoja na wataalamu wa Eldoret nchini Kenya. Mtumiaji hupaka unga wa kidonge kwa kukatisha mistari yote, kisha hutumbukiza ncha ya kadi katika maji. Baada ya dakika chache rangi hutokea. Mpangilio wa rangi hutambulisha dawa, na simu yenye kamera inaweza kuupiga picha na kuulinganisha.

(c) Kifaa cha mwanga. Hiki hutoa mwanga usioonekana kwa macho na kupima jinsi kidonge kinavyounyonya au kuurudisha. Kila mchanganyiko una alama zake, kama alama za vidole. Kidonge hakiharibiki, na jibu hutoka upesi sana. Lakini sharti kifaa kiwe kimewekewa alama za dawa halisi za kila kiwanda. Kisichokuwa na kumbukumbu hizo hakiwezi kutambua kitu.

(d) Kihisi cha umeme. Wagonjwa wa kisukari wanakijua tayari kifaa cha namna hii: tone la damu kwenye kikaratasi, na namba inatokea. Kikaratasi kina vipande vidogo vya kupitisha umeme, na kemikali inayotafutwa hutoa mkondo mdogo unaopimika. Parasetamoli na dawa nyingine kadhaa nazo huweza kutoa mkondo wa namna hiyo, kila moja kwa nguvu yake ya umeme. Watafiti katika nchi mbalimbali wanajaribu kuifanya njia hii ipime dawa mahali popote kwa gharama ndogo.

5. KIJANA ANAPOANZA KAZI

Sasa tumfikirie binti mmoja aliyezaliwa Sengerema. Alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akamaliza shahada, na sasa amepokelewa katika kundi la watafiti wa vifaa hivi. Anadhani ataanza na kifaa kipya siku ya kwanza. Hapana. Wiki za kwanza atasaga vidonge kwa kinu, atapima unga kwa mizani na kuosha vyombo. Ataandaa dawa halisi yenye nguvu kamili, kisha asilimia 80, kisha 50, na ataviandikia namba bila mwenzake kujua kipi ni kipi. Mwenzake atapima. Kama kifaa kinasema kweli, majibu yatalingana na orodha yake. Kama hayalingani, kifaa kinarudi mezani kwa fundi.

Atagundua pia kwamba mkemia hafanyi kazi peke yake. Kuna mfamasia anayejua dawa, fundi wa umeme, mtu wa takwimu, na mnunuzi anayekwenda dukani kama mteja wa kawaida. Huyo wa mwisho kazi yake ni nyeti, na lazima utafiti uwe umepata kibali cha kamati ya maadili kabla hajanunua hata kidonge kimoja. Kila sampuli inaandikiwa jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, mahali na siku iliponunuliwa, na ilikuwa imewekwaje dukani. Sampuli isiyo na maelezo hayo haina maana, hata ikipimwa kwa mashine ya thamani namna gani.

Majaribio yasifanyike mezani tu. Kifaa kilichotulia katika chumba chenye kiyoyozi kinaweza kuyumba katika joto la mchana la Mwaloni Kirumba, au katika unyevu wa ufukweni. Kidonge chenye ganda la rangi kinaweza kuudanganya mwanga. Mkemia mwema hukipeleka kifaa chake pale kitakapotumika, na hukipa mikononi mwa muuguzi atakayekitumia, kisha hunyamaza na kumtazama. Muuguzi akikosea mara tatu mahali pale pale, si muuguzi wa kulaumiwa. Kifaa ndicho kibadilishwe.

6. HESABU AMBAYO LAZIMA AIJUE

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna maboksi 1,000 ya dawa, na 100 kati yake ni mabaya. Tunacho kifaa kinachokamata 90 kati ya kila maboksi 100 mabaya. Lakini kifaa hicho hicho hukosea na kuyaita mabaya maboksi 5 kati ya kila 100 mazuri.

Katika mabaya 100, kitakamata 90, na 10 yatapita. Katika mazuri 900, kitayashuku 45 bila kosa. Kwa hiyo maboksi yote yaliyoshukiwa ni 135, na theluthi moja yake ni mazuri kabisa.

Tafakari matokeo. Tukimfungia duka kila mtu ambaye kifaa kimemshuku, tutawaonea watu wenye haki, na kijiji kitabaki bila dawa. Tukiamini kila boksi lililopita, yale 10 yatawafikia wagonjwa, na mmoja wao huenda ni yule mtoto mwenye homa tuliyeanza naye. Makosa haya mawili hayana bei moja. Ndiyo maana kifaa cha mkononi kinaruhusiwa kusema, "Hii itazamwe zaidi." Hakiruhusiwi kusema neno la mwisho. Neno la mwisho ni la maabara kamili.

Haya si maneno ya nadharia tu. Utafiti uliofanyika Laos, Asia, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha vifaa 12 vya kubebeka. Vingi vilikuwa hodari kutambua kidonge kisichokuwa na dawa kabisa. Lakini vingi vilishindwa kutambua kidonge chenye nusu ya dawa au asilimia 80. Na dawa pungufu ina hatari yake: haimponyi mgonjwa, na inavipa vijidudu nafasi ya kuzoea. Sisi tunakumbuka jinsi vijidudu vya malaria vilivyoizoea klorokwini, hata nchi ikalazimika kuiacha mwaka 2001 na kutumia SP, kisha kuanzia mwaka 2006 ikaingia dawa mseto ya ALu. Kila dawa tunayoipoteza hivyo hairudi kwa urahisi.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya mkemia kijana ni ukweli wa daftari. Matokeo mabaya yaandikwe kama yalivyo, kwa wino, bila kufuta. Kifaa kikikosea mara 10 kati ya 100, aseme 10. Wakubwa wake wakitamani kusikia 2, bado aseme 10. Atakayeumia kwa zile 8 zilizofichwa hatakuwa katika chumba cha mkutano.

7. SISI WENGINE TUFANYE NINI?

Hatuhitaji kungoja vifaa vifike kila zahanati. Tunaweza kuanza hivi:

– Nunua dawa katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lililosajiliwa. Usinunue kwa mchuuzi wa mnadani, mwaloni wala ndani ya boti.

– Soma boksi: jina, kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda. Kataa boksi lililofunguliwa au lenye maandishi yaliyofutika.

– Tunza boksi mpaka mgonjwa apone. Ukilitupa, umetupa ushahidi.

– Weka dawa mahali pakavu na penye kivuli, si juu ya kabati chini ya bati la moto, wala si dirishani.

– Mgonjwa akimaliza dozi sawasawa na asipate nafuu, mrudishe kituoni mara moja na uende na boksi. Usiamue mwenyewe kwamba dawa ni bandia na kuacha kuitumia, maana huenda ugonjwa ni mwingine.

– Mhudumu wa afya mwenye mashaka azitenge dawa hizo na kutoa taarifa kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya TMDA ya kanda. Asizichome, zitahitajika kupimwa.

Nanyi vijana mnaopenda kemia, njia ipo hapa hapa nyumbani. Famasia inafundishwa katika chuo kikuu cha sayansi za afya pale Bugando, na kemia katika vyuo vikuu vyetu kadhaa. Msidharau kujifunza kusaga, kupima na kuandika. Pale kisiwani, mama aliyeshika kidonge mkononi hana namna ya kujua kilichomo ndani. Anawategemea ninyi mlijue hilo kwa niaba yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya dawa bandia na dawa duni? Toa mfano mmoja wa kila aina.

2. Kwa nini dawa bandia yenye parasetamoli ni hatari kwa mgonjwa wa malaria kuliko isiyo na kitu ndani?

3. Rudieni hesabu ya maboksi 1,000, lakini safari hii maboksi mabaya yawe 20 tu. Kifaa kitashuku mangapi kwa jumla, na kati ya hayo mangapi ni mazuri? Jibu hilo linatufundisha nini kabla ya kumshtaki mwenye duka?

4. Katika mtaa au kijiji chenu, dawa hununuliwa wapi zaidi? Mnaweza kukubaliana kubadili jambo gani?